Kitanda cha Nne, Tarehe Mosi Agosti

Namshukuru Mungu, namshukuru Bikira wa Caacupé, halafu namshukuru Sista Nimia Rolón, na kama nimekosea kuwapanga wenyewe watanisamehe. Mke wangu kanitaka nisimulie mambo kama yalivyokuwa, nisijisafishe. Basi sijisafishi.

Mimi ni fundi wa matairi. Miaka thelathini na moja nimeziba pancha kando ya barabara kuu pale Barrero, na hatua ishirini kutoka kibandani kwangu mke wangu Zunilda anaoka chipa, ile mikate ya jibini na unga wa muhogo wanayoigombania abiria wa mabasi. Huukanda unga alfajiri kwa mikono yenye nguvu kuliko yangu. Siku nilipomwona anasimama mara mbili kuvuta pumzi kabla ya kufika kwenye tanuri lake mwenyewe, nikajua mambo yameharibika. Huko Asunción wakamwambia valvu moja ya moyo imekakamaa kwa sababu ya homa aliyougua utotoni. "Valvu mimi ninazijua," nikamwambia daktari. "Ikiharibika unaing'oa, unatia nyingine." Daktari akasema ndivyo hasa. Nikatoka pale kichwa kimenivimba, utadhani ni mimi nitakayeshika kisu.

Kasoro ilikuwa moja tu, nayo ni tarehe. Walimpangia tarehe mosi Agosti.

Kwetu mtu hafanyi lolote tarehe mosi Agosti kabla hajanywa carrulim. Ni pombe kali ya miwa iliyolowekwa majani machungu ya ruda na ndimu: mafunda matatu, asubuhi mapema, tumbo tupu. Agosti ni mwezi mbaya. Kuna baridi, kuna upepo, ng'ombe wanakonda, wazee wanaondoka. Marehemu baba yangu alikunywa kila mwaka akafika miaka tisini na moja. Mwaka daktari alipomkataza, akafa tarehe kumi na tisa. Sasa wewe niambie.

Zunilda alikatazwa kutia chochote mdomoni tangu usiku. Nilimsogelea alfajiri.

"Zuni, hata matone matatu?"

"Sinfo, ukinisogelea na hiyo chupa nitamwita mlinzi."

Wakamwingiza saa moja asubuhi bila kunywa. Mimi nikanywa mafunda yangu matatu uani, na kila funda likanisuta.

Ua wa hospitali ile ulikuwa kijiji. Ndugu za wagonjwa walikaa na viti vyao vya kukunja, mablanketi na termosi, wanapokezana kikombe. Rais wa kijiji alikuwa Ña Porfiria, yaani Bi Porfiria, mwanamke wa Caazapá ambaye kaka yake alikuwa ndani wiki ya tatu. Hakuna aliyemchagua, na hakuna aliyethubutu kumpinga.

"Mkeo ameshakunywa?" akaniuliza.

"Yuko mezani amepasuliwa kifua, Ña Porfiria. Atanywaje?"

"Basi anaingia Agosti mkavu."

"Mkavu, ndiyo."

"Na moyo mpya."

"Valvu ndiyo mpya. Moyo ni uleule."

"Mbaya zaidi." Akatikisa kichwa. "Mimi si mtu wa kutisha watu, wewe mzee wa matairi. Ila ningekuwa wewe, nisingekaa hapa natafuna chipa za watu."

"Chipa ni zangu!"

"Ndiyo hivyo, unatafuna."

Akafungua mkoba akatoa kichupa bapa kilichokuwa cha dawa ya kikohozi, kimejaa carrulim mpaka shingoni. Aliniwekea mapajani akageuka kuzungumza na mtu mwingine.

Saa sita na nusu Dokta Cabañas alitoka. Kijana mdogo, nywele zimelala kwa kofia, macho mekundu. Akasema valvu imekaa vizuri na moyo umeanza kupiga tena. Nikataka kumkumbatia, akanipa mkono. "Kazi yangu imekwisha, Don Sinforiano," akasema. "Sasa ni kazi ya moyo wenyewe. Tusubiri jioni."

Waliniruhusu kuingia saa nane, nusu saa tu. Mlangoni palikuwa na karatasi kubwa: ndugu wasiingize kitu chochote, na atakayekamatwa haingii tena mpaka mgonjwa ahamishiwe wodini. Niliisoma mara mbili. Nikanawa mpaka viwikoni, nikavaa joho la kijani, na kichupa kilikuwa ndani ya soksi yangu.

Zunilda alikuwa kitanda cha nne. Sitaki kueleza alivyokuwa. Bomba mdomoni, mipira shingoni, uso kama nta. Chini ya kifua ulitoka mrija mnene, ukapita ubavuni, ukashuka hadi kwenye kopo la plastiki lenye mistari na namba, na ndani ya kopo damu yake ilikuwa inapanda polepole. Niliyumba. Mkono mmoja ukanishika kiunoni kwa nyuma, mkono imara.

"Ukianguka hapa, Don Sinfo, sina kitanda cha tano."

Huyo ndiye Sista Nimia, muuguzi wa zamu. Mfupi, mnene kiasi, miwani imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Alinikalisha kwenye kiti akanieleza, na mpaka leo sijapata kuelezwa jambo vizuri namna ile.

"Moyo wake tuliusimamisha. Kwa saa mbili haukupiga. Sasa umeamshwa, lakini umeduwaa."

"Umeduwaa vipi?"

"Wewe ukiamshwa usingizini ukaambiwa beba ng'ombe, utambeba?"

"Hata nikiwa macho simwezi, Sista."

"Basi tuuhurumie. Hiki kimashine kina nyaya mbili zimegusa moyo wenyewe, kinauambia: piga, piga, mara tisini kwa dakika. Dawa hii inaupa nguvu, tone kwa tone. Na usitishike, katika saa nne tano za mwanzo moyo hulegea zaidi kabla ya kukaza. Ukituvusha jioni, tutaanza kuuondolea msaada mmoja mmoja."

"Na ile damu, Sista?"

"Ile nayo..." Mashine ya kitanda cha pili ikalia. Walikuwa wamemleta mgonjwa mwingine, na mwenzake wa zamu hiyo hakufika kazini. "Nitakueleza. Kaa hapo, na nusu saa yako ikiisha usitoke, umwangalie hadi nirudi. Lakini usiguse kitu."

Alinihurumia. Nusu saa ilikuwa sheria, naye akanivunjia sheria kwa sababu aliona sura yangu. Nami nilimlipaje? Alipogeuza mgongo nikainama kwenye soksi.

Mdomoni nisingeweza kumpa, bomba lilikuwa pale, nami si mjinga kiasi hicho. Nikafikiri: basi angalau kiwe karibu na mwili wake, kimlinde. Nikakisokomeza kichupa chini ya blanketi, ubavu wa kushoto, kati ya godoro na ukingo wa chuma. Nikakunja ncha ya blanketi mara mbili juu yake, nikakandamiza kwa kiganja ili kisianguke. Mrija ulikuwa unapita papo hapo. Niliuona. Niliusogeza kidogo, tena kwa adabu.

Halafu nikakaa, nimetulia kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Nikaliangalia lile kopo. Damu ilikuwa kwenye mstari wa mia mbili na arobaini. Nikasali Salamu Maria tatu nikaangalia tena. Mia mbili na arobaini. Nikasali nyingine kumi. Haikupanda hata unywele! Mwili mzima ulinilegea kwa furaha. Nikajisemea, baba, ulikuwa sahihi, na wewe Ña Porfiria Mungu akubariki, damu imekatika.

Sista Nimia aliporudi anajifuta jasho, sikuweza kujizuia.

"Sista, mambo mazuri! Damu imekauka."

Akasimama. "Imekauka?"

"Imetulia kabisa. Nusu saa sasa haijapanda."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Akatazama skrini. Ile namba nyekundu ya presha niliyoikuta mia na kumi ilikuwa themanini na mbili. Tukiwa tunaitazama ikawa sabini na sita. Mishipa ya shingo ya Zunilda ilikuwa imesimama minene kama kamba, na mimi niliyekaa pale nikimkodolea macho sikuiona, kwa sababu nilikuwa natazama kopo.

"Mwite Cabañas!" alipiga kelele kwa mtu wa mlangoni. "Aje na vifaa vya kufungua kifua!" Kisha kwangu, kwa sauti ya chini ya haraka: "Haijakauka, mzee. Inajaa ndani. Inaubana moyo, haupati nafasi ya kufunguka. Rudi ukutani."

Nikarudi ukutani. Naye akaanza kuupapasa mrija kutoka kifuani kwenda chini, inchi kwa inchi, anautafuta ulipoziba.

Hapo ndipo nilipoelewa, wala sikuelewa kwa akili, nilielewa kwa mikono. Mara ngapi nimekuwa najaza tairi, hewa ikakata, kompresa inanguruma bure, kumbe dereva fulani mpumbavu kaliegesha lori lake juu ya mpira wangu wa hewa? Miaka thelathini na moja nawatukana madereva kwa kosa hilo. Nikatambua kwamba leo dereva ni mimi.

"Kushoto!" nikapiga yowe. "Chini ya blanketi, kwenye ukingo! Nimeweka kitu! Nimeukalia mrija, Sista, nimeukalia!"

Hakuniuliza nini wala kwa nini. Alirusha blanketi, akang'oa kichupa, akaunyoosha mrija na kuanza kuukamua kwa vidole, anaushusha, anakamua, anaushusha. Kipande cheusi cha damu iliyoganda kikateleza ndani ya mrija, kikakwama, kikateleza tena. Kisha damu ikatiririka, ikapanda ndani ya kopo mbele ya macho yangu: mia tatu, mia nne, mia nne na sabini. Nilisali, lakini sikumbuki kama yalikuwa maneno. Kisha nikaitazama presha.

Sitini na nane. Sabini na tano. Tisini. Mia moja na mbili.

Dokta Cabañas aliingia anakimbia na boksi la vifaa kifuani. Sista Nimia alikuwa ameshatia kichupa mfukoni.

"Nini?"

"Mrija ulijikunja, dokta. Nimeufungua, damu imetoka, presha inapanda."

"Ulibanwa na nini?"

"Na blanketi."

Akampima, akamsikiliza, akatazama mtiririko ukipungua na kurudi kuwa matone. Akasema hatafungua kifua. Akatoka bila kunitazama. Mimi nilikuwa ukutani na nilinyamaza. Hilo nalo naliandika.

Sista Nimia akanigeukia. Nilingoja matusi, nilingoja mlinzi. Akavuta kiti akakiweka hatua mbili kutoka kitandani.

"Kaa. Mikono juu ya magoti, niione yote miwili."

Nikakaa kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mbona hunifukuzi?" nikamuuliza baadaye.

"Nikufukuze ukakae uani na rais wako, mkatunge kosa lingine?" Akaandika namba kwenye karatasi yake. "Sikiliza. Mimi pia nimekunywa, saa kumi na moja alfajiri, na mama yangu, na mwanangu. Sikucheki. Ila nilikuambia usiguse kitu."

"Uliniambia."

"Na mrija ule kazi yangu ni kuuona kila dakika kumi na tano. Sikuuona. Kwa hiyo tunyamaze wote wawili, tumwangalie huyu."

Basi tukamwangalia. Saa zile tatu ndizo ninazozishukuru kuliko miaka yangu mingi. Kila robo saa Sista aliniambia kinachoendelea, bila mimi kuuliza. Damu sasa ni matone, ndivyo inavyotakiwa, si kukatika ghafla bali kupungua. Mkojo umeongezeka, maana yake figo zinapata chakula chao. Dawa ya nguvu ilikuwa kwenye nane, akaishusha ikawa sita, akasimama na saa mkononi anaangalia kama presha itaporomoka. Haikuporomoka. Akaishusha ikawa nne. Rangi ilirudi kwanza masikioni mwa Zunilda. Wengine wataniambia haiwezekani, mimi ndiye niliyekaa pale.

Saa kumi na moja hivi Sista akashika kile kimashine cha nyaya.

"Sasa nitaushusha mwendo wa hiki," akasema, "tuone kama chini yake kuna mwenyewe."

"Na kama hayupo?"

"Nitaurudisha. Usishike kitu, shika kiti."

Akazungusha kifundo. Tisini ikawa themanini. Sabini. Zile alama ndogo za mashine kwenye skrini zilikuwa bado mbele ya kila pigo, zinauburuta moyo. Sitini na tano. Halafu pigo moja likaja bila alama. La pili. La tatu. Yakaja mengi, yamefuatana, hakuna wa kuyasukuma, na kimashine kikakaa kimya kinasubiri kama kuna atakayekihitaji. Sista akatoa mkono.

"Huyo ni yeye," akasema. "Sitini na nane. Anapiga mwenyewe."

Nililia kwa sauti. Nililia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akafumbua macho. Na Sista Nimia Rolón, aliyekuwa na haki ya kunitia makofi, akanipa kipande cha pamba nijifute.

Wakapunguza dawa ya usingizi, na Zunilda akaanza kuamka. Bomba lilikuwa bado mdomoni, lakini macho yalifunguka yakanitafuta. "Bonyeza mkono wangu, Ña Zunilda," Sista akamwambia, akabonyeza. Akaambiwa apumzike, bomba litatolewa akiwa macho vizuri.

Saa moja jioni zamu zilibadilishana. Alikuja muuguzi mwingine, kijana mrefu, na Dokta Cabañas pamoja naye, wakasimama miguuni pa kitanda. Sista Nimia akasoma karatasi yake. Alipofika kwenye saa tisa, akasoma kwa sauti ileile: mrija ulikunjika chini ya blanketi, ukazibwa takriban nusu saa, presha ikashuka hadi sitini na nane.

"Nusu saa," akasema Cabañas. "Sista, mrija wa kifuani unafunikwaje na blanketi nusu saa nzima? Miaka mingapi uko hapa?"

"Kumi na saba, dokta."

"Itabidi niandike ripoti. Wakitaka kukuhamisha kitengo, siwezi kuwazuia."

"Naelewa."

Hakunitazama. Kichupa kilikuwa mfukoni mwake, angekiweka mezani mambo yakaisha. Na mimi nilijua vizuri karatasi ya mlangoni inasema nini. Nikinyamaza, nitakesha na mke wangu. Nikisema, nitatolewa nje siku mbili, tatu, Mungu ajuaye ngapi, na siku hizo ndizo za hatari. Nakiri kwamba nilipima. Nilipima kwa muda ambao mwanamume hapaswi kuupima.

Nikatoa mikono magotini nikasimama.

"Dokta, blanketi halina mikono. Ni mimi. Nilimwekea kichupa cha carrulim nikaukandamiza mrija, na Sista alikuwa kitanda cha pili anaokoa mtu mwingine. Alikuta nimeshaharibu. Kama si yeye, saa hii ningekuwa natafuta jeneza."

Yule kijana mrefu akageuka upande, nadhani alikuwa anazuia kicheko.

"Carrulim," akasema dokta.

"Ndiyo."

"Sheria ya mlangoni umeisoma?"

"Mara mbili."

"Basi toka, Don Sinforiano. Utamwona akihamishiwa wodini."

"Sawa, dokta. Ila ripoti uiandike kwa jina langu. Sinforiano, kwa s."

Nikainama kumuaga Zunilda, nikakuta macho yake yako wazi, makavu, yamenikazia. Alikuwa amesikia kila neno. Nikatia mkono wangu ndani ya mkono wake. "Nisamehe, Zuni," nikasema.

Akanifinya. Alishika ile nyama laini kati ya kidole gumba na cha shahada, akaizungusha, vilevile anavyonifanya akinikamata naiba chipa ya moto. Nilipiga yowe. Sista Nimia akacheka wa kwanza, akaegemea kitanda anacheka na kujifuta macho. Dokta Cabañas akatazama skrini, mia na ishirini na mbili, akatazama mkono wangu, na nilimwona akimeza kicheko.

Maumivu yale niliyashukuru. Yalipanda mpaka kiwikoni na nikatamani yazidi. Kisha vidole vyake vikalegea, vikateleza chini, vikanizunguka kifundo cha mkono vikafunga.

"Haya, mzee," akasema dokta.

Nikauvuta mkono kidogo. Vikakaza.

Dokta akangoja. Wote wakangoja. Mwishowe akachukua karatasi yake.

"Atakapokuachia," akasema, "utoke."

Hakuniachia.